Upendo Hasafishi Nyota

Giteranyi, Jumapili 9 Machi 2025

Kwako wifi yangu Jeska, shangazi wa watoto wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kaka yako Leonardi naye anakusalimu, ingawa amesema nikuandikie "habari" tu, kwa sababu mgongo unamuuma. Mgongo wake na mkono wangu vinahusiana vipi mimi sijui, we ndiye uliyekua naye. Maharage yametoka vizuri. Yule mbuzi uliyemwona Krismasi amezaa wawili, na mmoja sehemu za ndevu anafanana kabisa na mchungaji Emmanuel, lakini hilo lisitoke kwako. Huko Gitega mnaendeleaje? Shemeji Audax bado anatengeneza vitanda vya watu?

Nakuandikia barua na sikupigii simu kwa sababu simu yangu unaijua: ukiongea Gitega, Anisia anasikia ng'ambo ya migomba. Na jambo lenyewe sitaki Anisia alisikie, ingawa kusema kweli amelijua kabla yako.

Ni Upendo. Usishtuke, ni mzima. Mwezi jana alituma ujumbe kutoka Ubelgiji kwamba amemaliza ile shule kubwa, sasa anaitwa daktari. Jeska, nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema Mungu amenitoa mbali, mtoto niliyembeba mgongoni tukitoka kambini Tanzania, leo ni daktari. Makofi! Mama mmoja alishaanza kunionyesha goti lake hapo hapo kwenye benchi. Ndipo mzee wa kanisa Yakobo akauliza, "Daktari wa nini, mama?"

Nikatoa simu, nikasoma ujumbe kama ulivyo. Amesomea nyota, namna sayari zinavyoumbwa, na mashimo meusi.

Hakuna aliyepiga kofi tena, nikasikia baiskeli inapita barabarani.

We unajua hapa kwetu. Mpaka uko karibu, na watu wakienda ng'ambo kununua vitu wanaona vibao kwenye miti: mganga fulani anasoma nyota, anasafisha nyota, anarudisha mpenzi aliyepotea. Sasa mimi mwanangu amekwenda Ulaya miaka yote hii kusoma nyota! Yakobo akasema kwa sauti ya chini, "Tumwombee." Hakusema tumshukuru Mungu. Alisema tumwombee.

Tangu siku hiyo nimeambiwa "nipumzike" uongozi wa kundi la maombi la wanawake. Kiti changu amekikalia Happy, ambaye akiomba anasahau amina, watu wanabaki wamefumba macho hawajui wafumbue lini. Na mengine ndiyo haya: juzi Anisia kaja mlango wa nyuma, kuku kwapani, eti Upendo akija Julai amsafishie nyota kijana wake, hapati mke. Kwa hiyo kanisani wananikwepa kwa sababu mwanangu ni mganga, na jikoni wananifuata kwa sababu hiyo hiyo.

We ni shangazi yake, mambo ya ndani ya mtoto wa kike ni yako. Muulize anafanya nini huko. Mimi nimemwandikia tu kwamba mwaka huu asije, mvua ni nyingi na barabara imeharibika.

Ni mimi wifi yako,
Letisia

Kuku nilimrudisha. Alikuwa mnono.


Gitega, 2 Aprili 2025

Kwa wifi Letisia, mama wa daktari,

Salamu nyingi kama maharage yako. Barua ilikaa Muyinga mjini karibu wiki mbili, Matata dereva hakuwa na mafuta ya gari. Amenipa bahasha inanuka dagaa. Sisi tuko wazima. Audax anatengeneza vitanda vya watu, ndiyo, na sisi wenyewe tunalala kwenye kile kinacholia. Jirani yangu Kadidja alituletea sambusa za Idi, Audax akala zote akasema zilikuwa chache.

Bon, haya. Nimemuuliza mtoto kwa simu. Alicheka kwanza, halafu akalia. Nakueleza kama ilivyokuwa, sipunguzi.

"Shangazi, mi sipigi ramli."

"Najua. Lakini nipe maneno ambayo mama yako ataweza kuyasema mbele ya Yakobo."

Akasema, "Unakumbuka uji wa mama?"

Nani atausahau uji ule, wifi? Mabonge yake tulikuwa tunayatafuna.

Anasema iko hivi. Nyota ikiwa changa, inazungukwa na vumbi, duara kubwa, kama sufuria ukiitazama kutoka juu. Vumbi linazunguka, linazunguka, punje inashika punje, inakuwa bonge. Bonge linashika mabonge mengine. Baada ya miaka ambayo mimi na wewe hatuwezi hata kuitamka, bonge limekuwa dunia kama hii tunayolima. Hiyo ndiyo kazi yake. Anatazama masufuria ya mbali, kwa mitambo iliyowekwa jangwani huko Chile, aone mabonge yanavyoanza. Haiulizi nyota nani ataolewa.

Na shimo jeusi siyo shimo la jembe. Nyota kubwa sana ikifa inajikunja ndani yake, inakuwa kitu kizito kinachovuta mpaka mwanga ukiingia hautoki tena. Nikamwambia, "Kama mfuko wa sadaka ukifika kwa Yakobo." Hapo akacheka kicheko chake kile cha zamani.

Nikamuuliza, sasa sufuria na shimo vinakutana wapi? Akasema vyote vina duara linalozunguka. Kwa nyota changa vumbi linakuwa dunia, kwa shimo linamezwa. "Inategemea ni nini kimekaa katikati, shangazi." Hilo alilisema polepole, na mi nakuandikia polepole.

Sasa tuje kwenye mvua yako. Wifi! Mtoto anayejua vumbi la nyota ambazo hata hatuzioni atashindwa kujua kwamba Julai Giteranyi hakunyeshi? Alikuwa anataka aje, asimame kanisani kwenu aseme asante, kwa sababu ndilo lililomwombea akienda. Ameelewa kwamba humtaki. Yeye hakusema hivyo, mi ndiye nasema.

Na wale wenye hekima waliokwenda kumwona mtoto Yesu waliongozwa na nini? Tochi?

Wako,
Jeska


Giteranyi, 4 Mei 2025

Kwako wifi,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Barua yako niliisoma mara moja, nikachukua jembe kwa hasira, nikamaliza upande wote wa viazi. Leonardi anakushukuru.

Uji wangu hauna mabonge. Ulikuwa na mabonge kambini, kwa sababu ule unga wa msaada ulikuwa umekaa sana. Tuliache hilo.

Hao wenye hekima uliowataja, maandiko nayajua. Waliifuata nyota, wakatoa zawadi, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Hakuna mahali walipoomba kusimama mbele ya washarika. Yakobo naye ametuhubiria Jumapili mbili juu ya wanajimu wa Babeli, na kila akisema "Babeli" alikuwa ananitazama mimi, kama vile nina kiwanja huko.

Nilijaribu ule mfano wa uji. Nilimwambia Happy. Happy akaenda kuwaambia wanawake kwamba Upendo anaangalia nyota kwenye uji. Sasa wapo wanaoogopa kula kwangu.

Kaka yako hajanisaidia hata kidogo. Katika maelezo yako yote yeye alishika neno moja tu, mashimo. Akaenda mashineni kusaga, akawatangazia watu kwamba binti yake ni daktari wa mashimo. Jumatatu nikaona mkuu wa shule ya msingi anaingia uani, amevaa tai.

"Mama Upendo, tumesikia kuhusu daktari. Choo chetu kimoja kimetitia. Tulikuwa tunaomba akija aje akikague."

"Mwalimu, mashimo ya Upendo yako mbinguni."

Mwalimu akavua kofia. Akanishika mkono, akasema pole sana mama, Bwana ametoa. Ilibidi nimwekee kiti nianze upya.

Unacheka. Sawa, cheka, halafu usome haya.

Mimi sasa nakaa benchi la nyuma, pale mlangoni, pamoja na wanaochelewa. Ukikaa pale unaona visogo vya watu wote. Jeska, utaona ni jambo dogo. Lakini tuliporudi kutoka Tanzania, nilifika hapa sina jirani, sina rafiki, hata Kirundi changu walikuwa wanakicheka, na wale wanawake ndio walionipokea. Ndio walionifundisha kupanda mtama. Upendo akija, akasimama pale mbele, na wao wakageuza mgongo, mimi nitakwenda upande gani? Hilo swali sitaki kulijibu. Ndiyo maana kuna mvua.

Amekonda? Mwambie, hapana, usimwambie kitu. Muulize tu kama anakula.

Letisia


Gitega, 15 Juni 2025

Wifi,

Nakusalimu. Mkono una haraka, kwa sababu nina mgeni nyumbani na mgeni anahitaji kuangaliwa. Siwezi kukuambia ni nani. Ameniomba nisiseme, na mi ni mtu wa kutunza neno, usikohoe.

Nitakwambia habari zake tu. Amekuja kuongea na wanafunzi wa chuo hapa Gitega. Atakaa mpaka tarehe ishirini na tano mwezi ujao, ndiyo ndege yake. Ni mwanamke. Akiosha vyombo anaimba zile nyimbo za kwaya ya Giteranyi, sauti ya pili, maneno anakosea palepale ulipokuwa unakosea we. Amevaa miwani. Miguu yake, Mungu anisamehe, ni ya kaka Leonardi, ile inayoangalia pembeni. Amekonda kidogo lakini ubugali anakula, na sombe ya majani ya muhogo anakula akiwa amesimama jikoni kama mtu aliyeiota siku nyingi.

Juzi nilikuwa nakoroga uji wa asubuhi, nikaona anauchungulia, ameinama mpaka miwani inaingia ukungu. Nikamwambia mgeni, hebu toa kichwa nikoroge vizuri. Akasema, "Shangazi, yaache hayo mabonge kidogo." Basi tumekunywa uji mbaya kwa ajili ya sayansi. Audax alisema umemkumbusha Giteranyi.

Amebandika picha ukutani juu ya cherehani yangu, moja ya zile alizofanyia kazi. Kadidja alipoiona alisema ni chapati inaungua.

Nilimuuliza mgeni kama atapita kusalimia wazazi. Akakunja nguo yake moja, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema, "Barabara ni mbaya, shangazi. Mama ameniandikia." Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Basi ni hayo ya mgeni. We huko kunanyesha?

Jeska


Giteranyi, 29 Juni 2025

Wifi mpenzi,

Salamu kwako na kwa Audax. Msalimie pia huyo mgeni wako, ambaye mimi simjui wala siwezi kukisia. Kama ni mtu anayevaa miwani, mwambie asiiache juu ya kitanda, kuna watu tangu utoto wanakalia miwani yao. Na kama ni mtu wa kikohozi asubuhi, nimekuwekea asali kwenye chupa kwa Matata. Usimwambie imetoka kwangu. Mwambie ni ya nyuki.

Sasa nikueleze kilichotokea hapa, sijui nikasirike au nicheke.

Alhamisi Leonardi alikuwa amekwenda kusaga, mimi nachambua maharage. Nikasikia hodi mlango wa nyuma. Siku hizi mlango wa nyuma ukigongwa najua ni nyota. Nikafungua nikiwa tayari kumfukuza Anisia. Jeska, alikuwa Yakobo! Mzee wa kanisa Yakobo, koti la Jumapili, na kikapu cha mayai kimefunikwa kitambaa.

Nikasema, "Karibu mzee, kuna kikao?"

"Hapana, mama. Nimepita tu."

"Kwa mlango wa nyuma?"

Akakaa. Akauliza habari za mbuzi. Akauliza mgongo wa Leonardi. Akasifu maharage, akashika moja akalitazama kama hajawahi kuliona. Halafu akasema, anaangalia chini, "Mama Upendo, nimesikia daktari yuko nchini."

Nikaendelea kuchambua, nikajua ni mdomo wa Leonardi huko mashineni.

"Nina jambo dogo. Tangu mwaka jana kiduka changu pale barabarani hakiendi. Mtu anaingia, anashika sabuni, anairudisha, anakwenda kununua hiyo hiyo kwa Prosper. Nimeomba. Nimefunga. Nikawaza labda kuna mtu amekanyaga nyota yangu. Sasa daktari akipata nafasi, kidogo tu, bila watu kujua..."

Wifi yangu, nilimtazama mtu yule. Miezi yote hii nilidhani anachukia mambo ya waganga kuliko watu wote wa Giteranyi. Kumbe katika kanisa zima hakuna anayeyaamini kama yeye! Na mimi kwa ajili ya mtu huyu nimemnyima mwanangu mlango wangu.

Nilisimama. Ungo ukaanguka, maharage yote chini. Nikamwambia, "Mzee Yakobo, nisikilize. Upendo hasafishi nyota. Nyota hazina uchafu. Mungu aliziweka pale zikiwa safi, na mwanangu kazi yake ni kuzitazama na kushangaa, kama mimi na wewe tulivyopaswa. Duka lako haliendi kwa sababu unawakaripia wateja. Hata mimi sabuni nanunua kwa Prosper."

Yakobo aliinama akaanza kuokota maharage. Tukaokota wote wawili. Mwisho akauliza, "Mama, hili litafika kwenye kikao?" Nikamwambia halitafika, ila Jumapili moja nitaomba dakika za kusimama, na yeye ndiye atakayenipa. Akasema atanipa. Alisahau mayai, nikamkimbilia nayo mpaka barabarani.

Mwambie mgeni wako barabara imekauka. Imekauka kabisa. Mwambie vumbi ndilo limejaa sasa, nasikia anapenda vumbi.

Tafadhali nijibu upesi.

Letisia


Gitega, Ijumaa 18 Julai 2025

Kwako wifi Jeska, uliyeko jikoni kwangu,

Nakusalimu kutoka jikoni kwako.

Usicheke peke yako, Audax amecheka tayari mpaka amekalia kile kitanda kinacholia, na kweli kinalia.

Nilingoja jibu lako, halikuja. Kumbe barua yangu ilikuwa imelala Muyinga na asali yake, Matata anatafuta mafuta. Mimi nikajua mgeni amekataa. Nikajiambia, Letisia, we ndiye uliyesema uongo, basi panda wewe gari. Jana nikamwachia Leonardi simu na mbuzi, nikapata lori la ndizi. Lori halikuja moja kwa moja, lilipita kwanza Mutaho kushusha mzigo, nimekaa juu ya ndizi kama mtoto. Jioni nabisha hodi hapa, Audax anafungua, ananitazama, anasema, "Shemeji! Si ndio wameondoka asubuhi kuja kwako?"

Mlipata barua juzi, mkaondoka jana. Mimi nimeondoka jana hiyo hiyo. Mwanangu amepita Karuzi, mimi nimepita Mutaho, tumezungukana kama vile vitu vyake.

Audax alitaka kupiga ile simu yangu niongee na Upendo. Nimekataa. Neno la kwanza sitalisema kwenye simu inayosikika mpaka kwa Anisia. Amempigia Leonardi yeye, mimi nimesimama mbali, na nyuma ya sauti ya Leonardi nikasikia mtu anaimba jikoni, sauti ya pili, anakosea maneno. Nilitoka nje nikaangalia nguo zako kwenye kamba mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Leo gari la Matata limejaa mpaka juu, nafasi imepatikana ya barua tu. Mimi kiti changu ni cha kesho alfajiri, nimekilipia na nimekikalia kidogo, ili kinijue.

Mchana wote nimekaa mbele ya cherehani yako, naitazama ile picha. Siyo chapati. Kadidja avae miwani. Ni duara la moto, lina mistari mistari, na kwenye mistari kuna vidoa vidogo, vinene kidogo kuliko vingine. Mabonge. Nimeyajua mara moja, nani atayajua kama siyo mimi? Jeska, siku zote nimemshukuru Mungu kwa vitu alivyokwisha kuviumba. Sikujua kwamba mahali fulani bado anakoroga.

Sasa nisikilize. Mtu asitoke Giteranyi. Asitoke kunifuata, asitoke kunipokea, hata Muyinga mjini msije. Kaeni hapo hapo mlipo. Anisia akija na kuku, mpokee kuku, mwambie ni wa kumkaribisha mgeni, nyota hazihusiki.

Jumapili nitasimama mimi. Yakobo atanipa dakika, aliahidi akiwa amepiga magoti kwenye maharage. Nitasema, huyu ni Upendo, binti yangu, daktari wa nyota, na hasafishi. Halafu nitakaa, naye ataongea. Atakayetaka kugeuza mgongo, mlango uko pale karibu na benchi langu, nimekaa pale miezi minne, naweza kumwonyesha njia.

Mwambie Upendo nimesoma yale aliyoyasema, ya kwamba inategemea ni nini kimekaa katikati. Mwambie kilichokaa katikati kinakuja na gari la kesho.

Na we usiguse mwiko wangu. Uji wa Jumapili nitaukoroga mwenyewe, na mtakula mabonge yote.

Letisia